SAKAFU NI SAHANI YA MUTOTO: Namna ya kutayarisha simenti mbele ya kuipaka rangi

Kaeni vizuri. Mwenye mutoto analia amunyonyeshe, haizuizi somo. Wale ambao fishi zao zimekwisha kuandikwa, tafazali musiondoke bado. Somo la leo si refu, tena ni somo la nyumbani.

Mumezoea kutusikia tukizungumuza juu ya chakula, chanjo, maji na choo. Leo nataka tuangalie chini. Ndiyo, chini, pale miguu yenu inakanyaga. Niambieni: mutoto wa miezi 8 anashinda wapi muchana? Si kwenye kiti, si kwenye meza. Anashinda chini. Anatambaa chini, analala chini, anaokota kipande cha muhogo kilichoanguka chini na kukitia kinywani. Kwetu sisi wakubwa sakafu ni mahali pa kukanyaga. Kwa mutoto mudogo sakafu ni sahani.

Wengi wenu muko na simenti ndani ya nyumba, ile tunaita pavema. Wengine munaiweka pole pole, chumba kimoja kimoja, kila mara franka zinapopatikana. Na wengi munatamani kuipaka rangi kusudi ing'ae na isitoe vumbi. Ni mawazo mazuri. Lakini kuna kazi ya kufanya mbele ya kufungua kopo la rangi, na hiyo kazi ndiyo watu wanairuka.

Tazameni juu ya meza. Nimeleta vitu vine: vipande vya rangi iliyobanduka, chupa tupu ya limonadi, kipande cha plastiki, na brosi ya chuma. Mbele ya kurudi nyumbani, kila mama atajua sababu gani nilivileta.

SIMENTI INASAIDIA NINI?

Munajua sakafu ya udongo. Wakati wa kiangazi inatoa vumbi. Mayai ya funza yanaanguka ndani ya lile vumbi na kukua, na kiisha funza anaingia ndani ya vidole vya watoto. Mayai ya minyoo yanaletwa na miguu kutoka nje, yanakaa ndani ya udongo, na hakuna ufagio wenye kuweza kuyaondoa yote. Ukiosha udongo, unapata matope tu.

Huko inchi ya Mexico, jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwapa watu maskini simenti ya kufunika sakafu za udongo. Wenye elimu wakafuata hali ya watoto wa zile nyumba. Uchunguzi wao ulichapishwa mwaka 2009. Walikuta kwamba, pale udongo wote wa nyumba ulipofunikwa kwa simenti, minyoo na vijidudu vya tumbo vilipunguka kwa 78 kwa mia, kuhara kulipunguka kwa 49 kwa mia, na upungufu wa damu kwa 81 kwa mia. Hawakubadilisha chakula. Hawakuleta dawa mupya. Walibadilisha sakafu.

Basi simenti ni dawa. Lakini kama dawa yote, iko na masharti yake. Simenti inasaidia kama ni nzima na inaoshwa. Ikipasuka, vumbi na funza vinarudi ndani ya nyufa. Ikianza kutoa unga, ufagio unaokota unga kila siku na mutoto anauvuta puani. Na ikipakwa rangi vibaya, inaweza kuwa mbaya kuliko ilivyokuwa bila rangi. Hii ya mwisho nitawaeleza, kwa maana ilinipata mimi mwenyewe.

KOSA LANGU

Mwaka fulani, mwezi wa kumi na mbili, nilinunua rangi nyekundu ya mafuta. Nilitaka sakafu ya jikoni ing'ae mbele ya Noeli, sababu wageni wangekuja. Mvua ilikuwa ikinyesha kila siku. Jikoni lile tulikuwa tukikaangia samaki na ndizi, na mafuta ya mawese yalikuwa yamemwangika mara nyingi. Nilimwita fundi. Akafagia, akapaka, saa sita za muchana kazi ilikuwa imekwisha. Ikang'aa kweli. Wageni wakasifu.

Mwezi wa pili sakafu ilianza kuvimba, sawa malengelenge kwenye ngozi iliyoungua. Kiisha malengelenge yakapasuka na rangi ikaanza kubanduka vipande vipande. Mimi nilifagia tu. Nilijisemea kwamba nitaitengeneza siku ingine.

Siku moja natoka kazini, namukuta kitinda mimba wangu, wa miezi 11, amekaa kwenye kona ya jikoni. Anatafuna. Nilipomufungua kinywa, ulimi ulikuwa mwekundu. Nilizania ni damu. Niliingiza kidole, nikatoa vipande vya rangi. Alikuwa anaibandua na kucha na kuila, pole pole, kama mutu anakula karanga.

Hivi vipande nilivyoweka juu ya meza vilitoka pale. Niliviweka kusudi nisisahau. Mimi ninafundisha wanafunzi juu ya kulinda watoto, na ndani ya nyumba yangu mutoto alikula sakafu.

Sababu gani niliogopa hivi? Ni kwa sababu rangi zingine za mafuta ziko na risasi ndani. Risasi si sumu ya kuua siku ile ile. Inaingia kidogo kidogo ndani ya damu, inaharibu ubongo wa mutoto, inapunguza akili yake ya kujifunza, inaleta upungufu wa damu. Mutoto anaweza kuonekana muzima na kumbe inamuharibu. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema hakuna kiasi cha risasi ndani ya damu kinachojulikana kuwa bila hatari. Na mama mwenye mimba akiivuta ao kuila, inapita mpaka kwa mutoto tumboni. Kwa hiyo munaponunua rangi, muulize ile iliyoandikwa kwenye kopo kwamba haina risasi, kwa Kifaransa «sans plomb». Kama kopo halina maandiko, musinunue.

Yule fundi hakuwa mutu mubaya. Mimi ndiye niliharakisha.

SABABU GANI RANGI INABANDUKA?

Tazameni namna sisi waganga tunavyofunga kidonda. Tunabandika sparadra juu ya ngozi kavu na safi. Kama ngozi iko na jasho, ao mafuta, ao vumbi, sparadra inatoka mbele ya mugonjwa kufika mulangoni. Rangi ni kama sparadra, na simenti ni kama ngozi. Maadui wa rangi ni wane.

Wa kwanza ni maji. Simenti inaonekana ngumu, lakini iko na vitundu vidogo sana. Inakunywa maji kutoka udongo wa chini na kuyapandisha juu. Rangi ikifunga njia, yale maji yanaisukuma kutoka chini. Ndiyo yale malengelenge.

Wa pili ni mafuta. Rangi haishiki juu ya mafuta ya kupikia, wala petroli, wala nta.

Wa tatu ni unga. Simenti nyingine iko na utando zaifu juu yake. Rangi inashika ule utando, na utando hauishiki simenti. Vyote viwili vinatoka pamoja.

Wa ine ni ukali wa simenti mupya. Wale wanaopika sabuni wanajua: ukichanganya mafuta ya mawese na soda kali, mafuta yanageuka sabuni. Simenti mupya na yenye maji iko na ukali wa namna ile. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake, mafuta ya rangi yanaanza kugeuka kama sabuni, na rangi inalainika na kutoka. Munaona? Hamuwezi kumulaumu muuza rangi. Ni sabuni mulipika.

KAZI YA KUTAYARISHA

Sasa tufuate kazi yenyewe, hatua kwa hatua. Musiruke hata moja.

1. Kungoja. Simenti mupya inafaa kubaki na maji siku 7 za kwanza: muimwagie maji, muifunike na mifuko mizee iliyoloana, kusudi ikomae na isipasuke. Kiisha muiache ikauke. Tangu siku ilipotiwa mpaka siku ya rangi, musikose siku 28, na wakati wa mvua zaidi. Huku kwetu Kivu mwezi wa sita, wa saba na wa nane ndiyo miezi mizuri. Noeli si wakati wa kupaka sakafu. Mimi ninajua.

2. Kuondoa mafuta. Hii inafanywa mbele ya kukwaruza, sababu ukikwaruza juu ya mafuta unayaeneza na kuyaingiza ndani zaidi. Kama mafuta ni mengi, muweke juu yake majivu makavu ao unga wa mbao, mungoje yanyonywe, mufagie. Kiisha sabuni na maji ya moto, na brosi ngumu. Muoshe, muondoe povu lote, murudilie. Jikoni pengine mutarudilia mara tatu.

Namna ya kujua: mutone matone ya maji juu ya sakafu kavu. Kama matone yanasimama na kuviringana, sawa umande juu ya jani la ndizi, mafuta yangali, ao mahali pale pako laini mno. Kama maji yanaingia na simenti inageuka nyeusi kidogo mara moja, ni vizuri. Mujaribu mahali pengi, zaidi karibu na mafiga.

3. Kufunga nyufa. Nyufa ndiyo nyumba za funza. Muchokoe ufa na musumari mupaka takataka na vipande vyenye kutikisika vitoke. Mufagie, muloweshe kidogo, kiisha muingize mchanganyiko wa kopo moja la simenti na makopo matatu ya muchanga safi. Mushindilie na kusawazisha. Mulinde hali ya maji siku kadhaa. Na mukumbuke: kiraka kipya ni simenti mupya. Nacho kinangoja siku zake 28 kama vile vyote.

4. Kukwaruza. Hapa ndipo brosi ya chuma inafanya kazi. Mukwaruze simenti na musumari: kama unga mweupe unatoka, utando zaifu ungaliko. Mulowanishe sakafu kwanza, kiisha musugue na brosi ya chuma ao na jiwe gumu lenye vitundu, kama yale mawe ya volkano ya Goma. Sakafu ambayo fundi aliipiga laini na mwiko mpaka ikateleza kama kioo, nayo inafaa kusuguliwa, hata kama inaumiza roho kuharibu ule ulaini. Rangi inahitaji mahali pa kushika. Mukipitisha kiganja, musikie kama karatasi laini ya musasa.

Sababu gani kulowanisha? Unga wa simenti na muchanga ukiwa mukavu unaingia mapafuni na hautoki. Maji yanaushika chini. Mufunge kitambaa puani na kinywani vilevile, lakini maji ndiyo yanasaidia zaidi. Na watoto wasiwe ndani ya nyumba.

5. Kuosha na kukausha. Muokote matope yote, muoshe na maji safi mara mbili. Kama munaona chumvi nyeupe inatoka juu ya simenti kavu, muiondoe na brosi kavu. Ile chumvi inawaambia kwamba maji yanapanda kutoka chini. Mufungue madirisha na milango, muache siku kadhaa za jua.

6. Kupima na plastiki. Hii ni kazi ya usiku, haina bei. Muchukue plastiki safi yenye kuonekana ndani, sentimeta 45 kila upande. Muibandike chini na skochi pande zote ine, kusudi hewa isipite. Muiache saa 16 ao zaidi: kama munaibandika saa kumi na mbili ya mangaribi, muitoe kesho yake saa ine ya asubuhi. Muangalie chini yake. Kuna matone? Simenti imegeuka nyeusi kuliko pembeni? Basi maji yangaliko. Mungoje juma moja, mupime tena. Muweke plastiki mahali patatu: katikati, karibu na ukuta, na pale munapooshea vyombo.

Kama hata mwezi wa saba plastiki inatoka na maji kila mara, musipake rangi. Mutafute njia ya maji: muchimbe mufereji nje, muelekeze maji ya mabati mbali na ukuta. Sakafu ile, muiache bila rangi.

7. Siku ya rangi. Mufagie, mupitishe kitambaa kilicholoana kidogo, mungoje kikauke. Mupake utando mwembamba, muuache ukauke wakati ulioandikwa kwenye kopo, kiisha wa pili. Rangi nene inakauka juu na kubaki mbichi chini. Mufungue madirisha. Mama mwenye mimba, mutoto mudogo na mutu mwenye pumu walale kwa jirani mpaka harufu iishe.

HATARI ZA KAZI HII

Sasa ninashika hii chupa ya limonadi. Angalieni vizuri.

Siku moja mama mumoja alituletea mutoto wake wa miaka 3, anambeba mikononi na kukimbia. Fundi alikuwa amenunua asidi ya betri, ile watu wanaita maji ya betri, kusudi aoshe nayo sakafu mbele ya rangi. Aliitia ndani ya chupa kama hii na kuiacha karibu na mulango. Mutoto alirudi kucheza, akiwa na kiu. Chupa ya limonadi, mutoto anajua kazi yake.

Alikunywa funda moja tu. Midomo ikawa meupe, mate yakatiririka, hakuweza kulia. Hakufa. Lakini njia yake ya chakula ilipona na kovu, ikabaki nyembamba, na alikula uji tu kwa muda murefu sana.

Basi sikieni. Inaitwa maji lakini si maji. Kwa nyumba zetu hatuna lazima ya asidi hata kidogo. Brosi, jiwe, sabuni na nguvu ya mikono vinatosha. Kama fundi anasema lazima alete asidi, mumuambie mama muganga alikataa. Na kitu chochote cha kazi hii, asidi, petroli, javeli, dawa ya kulainisha rangi, kisitiwe ndani ya chupa ya kunywa ao kikombe. Kibaki ndani ya chombo chake, juu, na kufungiwa.

Kama mutoto amekunywa asidi ao soda kali ao petroli: musimutapishe. Musimunyweshe mafuta ya mawese kusudi atapike. Asidi na soda kali vinaunguza mara ya pili vikirudi, na petroli inaingia mapafuni. Mumusukutushe kinywa na maji na kuyatema, mumufute midomo, mumulete hospitali mbio, pamoja na ile chupa tuione.

Musichanganye javeli na asidi, wala na dawa ingine ya kusafishia. Inatoa moshi wa sumu wenye kufunga pumzi.

Musioshe mafuta ya sakafu na petroli ao esanse. Kuna moto wa jikoni, kuna taa. Moto hauombi ruhusa.

Simenti yenye maji inaunguza ngozi. Haiumi mara moja, ndiyo sababu inadanganya. Wamama wengi munasaidia fundi mukiwa miguu mitupu, na mangaribi ngozi ya vidole imetoka. Muvae bote ao mufunge plastiki. Ikigusa ngozi, muoshe na maji mengi. Ikiingia jichoni, mumwage maji safi jichoni dakika 20, kiisha muje kwetu.

MASWALI

Nimekwisha kufundisha somo hili mara nyingi, na wamama wanauliza maswali yale yale. Nijibu mbele.

«Mama, mvua haiishi. Niweke mbabula ya makala ndani, nifunge mulango, kusudi sakafu ikauke upesi?» Hapana, hata siku moja. Makala yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Watu wanalala na hawaamuki. Sakafu ingoje jua.

«Rangi yangu imekwisha kubanduka. Nipake ingine juu?» Hapana. Rangi mupya itashika ile mbovu, na zote zitatoka. Inafaa kuondoa ile isiyoshika. Lakini muikumbuke risasi: musikwaruze rangi nzee ikiwa mikavu, wala musiiunguze na moto. Mulowanishe, mukwaruze ikiwa na maji, muokote vipande vyote ndani ya mufuko, muvifukie mbali na shamba na kisima. Watoto na wenye mimba wasikaribie. Aliyefanya kazi aoge na kubadilisha nguo mbele ya kubeba mutoto.

«Mwenye alikula rangi, nimulete?» Ndiyo. Muleteni hata kama anacheza vizuri. Mutoto mwenye kupenda kula udongo na rangi pengine anakosa damu, na hiyo tunaweza kuipima hapa na kumupa dawa.

«Baba ya watoto anasema ni kupoteza wakati. Anataka rangi ipakwe juma hili.» Musibishane naye. Mubandike plastiki usiku, na asubuhi mumuite atazame maji chini yake. Mumuulize kopo moja la rangi ni bei gani. Kiisha mumuulize makopo mawili ni bei gani. Hesabu itasema naye kuliko ninyi.

«Na kama sina franka za rangi?» Swali hili ndilo zuri kuyapita yote. Mama, fanya hatua zote mpaka ya tano, kiisha simama pale. Ondoa mafuta, funga nyufa, sugua utando wenye kutoa unga, osha. Sakafu isiyo na rangi, lakini nzima na safi, ni bora kuliko sakafu nyekundu yenye kubanduka. Kila siku ipitie na kitambaa kilicholoana kuliko kufagia vumbi juu juu. Mutoto hahitaji sakafu yenye kung'aa. Wageni ndio wanaihitaji.

TURUDILIE PAMOJA

Mama wa mustari wa mbele atusaidie kusema, na wengine waitikie.

Simenti mupya inangoja siku ngapi? Siku 28.
Tunaondoa nini mbele ya kukwaruza? Mafuta.
Tunakwaruza sakafu kavu ao yenye maji? Yenye maji.
Plastiki inakaa saa ngapi? Saa 16.
Asidi inakaa ndani ya chupa ya limonadi? Hapana!
Aliyekunywa asidi tunamutapisha? Hapana!

Vizuri sana. Mutaniuliza kitinda mimba wangu aliendelea namna gani. Yuko muzima, anasoma. Lakini nilikaa miezi mingi nikimuangalia kila alipochelewa kusema neno, nikijiuliza kama ni rangi ile. Lile jikoni tulilikwaruza lote mwezi wa saba, mimi na watoto wakubwa, yeye akiwa kwa shangazi yake. Halina rangi mpaka leo.

Leo mangaribi, mukirudi nyumbani, mufanye kazi moja tu. Mupige magoti, muweke macho karibu na sakafu kama mutoto wenu, mutazame kile anachokiona: ufa, unga, kipande cha rangi, mafuta. Kile mutakachoona, ndicho kiko ndani ya sahani yake. Siku ya kipimo kinachokuja mutatuambia.

Sasa mwenye fishi namba ya kwanza, alete mutoto kwenye mizani.